Barua ya Malalamiko: Izeli na Paleti Zisizolingana na Maelezo Niliyouziwa

Njiro,
Arusha.
16 Juni 2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: IZELI, PALETI NA MAFUTA YA KITANI VISIVYOLINGANA NA MAELEZO NILIYOPEWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Mei 2025 niliagiza kwenu, na kulipia siku hiyohiyo, vifaa vya studio ya uchoraji niliyoifungua hapa Njiro, ambamo ninawafundisha vijana wanane kuchora kwa rangi za mafuta. Niliagiza izeli 4, yaani viunzi vya kusimamishia picha inapochorwa, zenye fremu ya umbo la herufi H kwa shilingi 480,000 kila moja, paleti 6 za mbao, yaani vibao vya kuchanganyia rangi, kwa shilingi 35,000 kila moja, mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi lita 2 kwa shilingi 90,000, na roli moja ya kanvasi ya pamba, kitambaa cha kuchorea, kwa shilingi 620,000. Jumla shilingi 2,840,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Mzigo ulifika kwa basi tarehe 26 Mei. Kanvasi sina neno nayo, imefumwa vizuri na uzito wake ni uleule mliouandika. Malalamiko yangu ni juu ya hivyo vingine vitatu, na zaidi ya vyote ni juu ya majibu niliyopewa kabla ya kununua, kwa sababu niliyaamini na nikatoa fedha kwa kuyategemea.

Sikununua kwa kukurupuka. Nilizungumza na ofisa wenu wa mauzo kwa simu mara mbili, kisha tarehe 8 Mei nikamwandikia barua pepe nikimuuliza kama izeli hizo ni za mbao ngumu iliyokaushwa, kama fremu yake inaweza kuinamishwa mbele na siyo kulazwa nyuma tu, kama zina magurudumu yenye breki, na kama mnazo paleti za watu wanaotumia mkono wa kushoto. Kesho yake alinijibu kwamba vyote hivyo vipo. Barua pepe hizo mbili nimeziambatisha, na naomba mzisome kabla ya kuendelea na barua hii.

Naeleza sababu za maswali yale, maana ofisa wenu aliniambia baadaye kwamba nilikuwa naulizia mapambo. Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa Ulaya, na vinamshauri mchoraji afungue dirisha la studio upande wa kaskazini, kwa kuwa huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima na mwanga wa kaskazini haubadiliki sana. Arusha iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 3 na kidogo tu. Tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri kwetu liko kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini, kwa hiyo hakuna dirisha hata moja linaloweza kutegemewa mwaka mzima. Hivi sasa, mwezi Juni, dirisha langu la kaskazini linapitisha jua kali mpaka kwenye sakafu, na picha iliyokuwa kwenye mwanga mzuri saa 3 asubuhi inakuwa haitazamiki saa 6 mchana. Mchoraji wa hapa huhamisha izeli yake mara tatu au nne kwa siku, ikiwa na kanvasi yenye rangi mbichi juu yake. Ndiyo maana niliomba magurudumu, tena yenye breki, na ndiyo maana niliomba mbao nzito ambayo haitayumba ikisukumwa.

Suala la kuinamisha mbele nalo lina sababu yake. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi hung'aa kama maji, na kanvasi ikilazwa nyuma hurudisha mwanga wa dirishani moja kwa moja kwenye macho ya anayechora, hata asijue kama kivuli alichoweka ni cheusi au cha kahawia. Ikiinamishwa mbele kidogo mng'ao huo huelekea chini, na vumbi halitui juu ya rangi. Kwa anayefundisha, hili ni jambo la kila saa, kwa kuwa mwanafunzi asiyeona rangi yake sawasawa hujifunza kukosea.

Izeli zilizokuja si zile. Fundi seremala niliyemwita azikague alikuna mguu mmoja kwa patasi na kuniambia papo hapo kwamba ni paini laini iliyopakwa rangi ya kahawia ili ifanane na mbao ngumu, tena ikiwa haijakauka vizuri, kwa sababu viungio vya izeli mbili vimeshaanza kuachia katika wiki hizi tatu. Fremu inalala nyuma tu. Magurudumu yapo, lakini hayana breki, na sakafu ya studio yangu ni ya saruji yenye mteremko mdogo wa kutolea maji. Kishikizo cha juu kinachobana kanvasi kinafungwa kwa skrubu iliyopigwa moja kwa moja kwenye mbao, bila bolti na nati, na ukiifunga na kuifungua mara chache tundu lake linapanuka na skrubu inazunguka bure.

Tarehe 4 Juni hicho kishikizo kiliachia. Kanvasi ya sentimita 120 kwa 90 iliporomoka, ikaangukia uso kwenye sakafu, na kazi ya siku saba ya mwanafunzi wangu, picha ya Mlima Meru aliyoianza kutokea dirisha hilohilo, ikafutika nusu nzima. Hakuumia, na kwa hilo ninashukuru. Lakini ni kijana aliyechangisha nauli kwa ndugu zake ili aje kusoma, na siku ile aliniuliza kama kosa ni lake. Nilimjibu kwamba si lake.

Nilipopiga simu tarehe 5 Juni, ofisa wenu alisema kwamba kwa wanafunzi izeli hizo zinatosha. Nalikataa jambo hilo kwa moyo wangu wote. Mchoraji mzoefu anaweza kuitegemeza kazi yake ukutani au kwenye kiti, akajua namna ya kuirekebisha. Anayejifunza hajui bado kama kinachotetereka ni mkono wake au ni kifaa. Wala msidhani kwamba ninadai anasa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, na kazi iliyoanzia hapo imebeba jina lake mpaka leo. Kama fedha yangu ingetosha hadibodi tu, ningenunua hadibodi na tungekaa chini tukachora. Nimelipa shilingi 1,920,000 kwa ajili ya mbao ngumu, fremu ya kuinama mbele na breki, na katika hivyo vitatu sikupata hata kimoja.

Kuhusu paleti, niliagiza 4 za mkono wa kulia na 2 za mkono wa kushoto, kwa kuwa wanafunzi wangu wawili ni watumiaji wa mkono wa kushoto. Zote 6 zilizokuja ni za kulia. Ofisa wenu alishauri zigeuzwe, ushauri ambao asingeutoa kama angewahi kushika paleti kwa saa mbili mfululizo: tundu la kidole gumba limechongwa mshazari upande mmoja ili lisikate, na ukiigeuza ukingo ule mkali ndio unaokaa kwenye ngozi. Zaidi ya hayo, uso wa nyuma haukupakwa chochote. Mbao tupu hunywa mafuta yaliyomo ndani ya rangi, na rangi inabaki ngumu kama udongo kabla mtu hajamaliza kuichanganya. Nilijaribu kulitatua tatizo hilo mwenyewe kwa kuzisugua paleti mbili na mafuta ya kitani, tabaka baada ya tabaka kwa siku nne, kama wachoraji wanavyofanya tangu zamani, na zote mbili zikaachia gundi na kufunguka matabaka. Ni plaiwudi ya bei rahisi, wakati maelezo yenu yalisema mbao moja nzima.

Mafuta ya kitani yamekuja katika chupa za plastiki zisizo na lebo. Jambo hili naliona zito kuliko thamani yake ya shilingi 90,000. Kwanza, siwezi kujua kama ni mafuta yaliyosafishwa kwa ajili ya kuchorea au ni yale ya kupakia milango, yenye dawa ya kukausha haraka, ambayo huifanya rangi kuwa ya manjano na kuipasua. Pili, matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe, na yanaweza kuwaka bila kiberiti wala cheche. Mimi ninalijua hilo na matambara yetu tunayatandaza nje mpaka yakauke. Mnunuzi mwingine anayeanza anaweza asijue, na chupa yenu haimwambii kitu.

Mmeniandikia kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudishwi. Sharti hilo halikuwepo kwenye ankara yangu, na hata lingekuwepo, nisingeweza kuona mguu wa paini bila kufungua boksi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ningependa tulimalize hili baina yetu.

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 1,920,000 za izeli na shilingi 90,000 za mafuta, na mnibadilishie paleti zote 6 kwa zile nilizoagiza, zikiwemo 2 za mkono wa kushoto. Kama hamnazo, basi mnirudishie na shilingi 210,000 za paleti. Gharama ya kusafirisha mzigo kurudi Dar es Salaam iwe juu yenu. Naomba pia maelezo ya izeli hiyo katika orodha yenu ya bidhaa yarekebishwe, kwa kuwa bado yanasema mbao ngumu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani pamoja na barua pepe, risiti na picha za viungio vilivyoachia.

Izeli zote nne nimezifungasha upya katika maboksi yake, na mnaweza kuzichukua siku yoyote ya kazi kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Paleti mbili zilizofunguka nimezihifadhi kando ili mzione wenyewe.

Wako mwaminifu,

Mchoraji na mwalimu wa uchoraji,
Njiro, Arusha.