Kwa mpwa wangu anayetaka kusomea historia ya uchumi

Mpwa wangu,

Nimesikia wakubwa walivyokujia juu. Uchumi sawa, wanasema, lakini historia ya uchumi utaifanyia nini? Nakujibu hadharani kwa sababu najua wako wengine wanaoulizwa hivyo hivyo.

Mtazame Claudia Goldin, mwanahistoria wa uchumi wa Marekani. Alikwenda Chuo Kikuu cha Cornell akitaka kusomea vijidudu vya maradhi. Masomo ya mwanauchumi Alfred Kahn yakamvutia kwenye uchumi. Akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1972 chini ya mwanahistoria wa uchumi Robert Fogel, kwa utafiti kuhusu watumwa wa mijini huko kusini mwa Marekani. Mwaka 1990 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa wa kudumu katika idara ya uchumi ya Harvard, na mwaka 2023, akiwa na miaka 77, akapata Nobel ya uchumi peke yake. Hayo ndiyo watu huyakariri. Mimi nataka uitazame kazi yake kuhusu jimbo la Iowa.

Sensa ya taifa ya Marekani haikuuliza mtu amefika darasa la ngapi wala analipwa kiasi gani hadi mwaka 1940. Sasa utajuaje kama sekondari iliwafaa watu kabla ya hapo? Jimbo la Iowa lilikuwa limeuliza yote mawili katika sensa yake ya 1915, na kadi zilizoandikwa majibu zilihifadhiwa. Goldin na mwanauchumi mwenzake Lawrence Katz wakakusanya taarifa za watu wapatao 60,000 kutoka kwenye kadi hizo. Ikaonekana kwamba kila mwaka wa shule uliongeza kipato, hata kwa wakulima na mafundi, si makarani peke yao.

Hapo ndipo sera inapoingia. Mwaka 1910 vijana waliomaliza sekondari Marekani walikuwa kama asilimia 9. Kufikia 1940 walivuka nusu. Serikali kuu ya Washington haikuwa na mkono mkubwa katika hilo. Jamii ndogo ndogo zilijitoza kodi na kujenga shule zao, na majimbo ya mashamba yaliitangulia miji ya viwanda, ambako kijana angeweza kuacha shule akaajiriwa mara moja. Kusini ilibaki nyuma, na watoto weusi walinyimwa nafasi kwa makusudi. Usikubali mtu akusimulie habari hii bila sehemu hiyo.

Mtoto anayeanza shule leo, faida ya masomo yake itaonekana kwenye mshahara baada ya miaka ishirini hivi. Waziri gani atasubiri? Mtu wa kumbukumbu za kale ameshaiona miaka hiyo ikipita.

Ila usidhani rekodi husema kweli zenyewe. Katika sensa za zamani, mwanamke aliyelima shamba la familia au kufanya biashara na mumewe aliandikwa "mke" tu kwenye safu ya kazi. Goldin alipotafuta vyanzo vingine, aligundua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1890 wanawake walioolewa waliokuwa wakifanya kazi walikaribia mara tatu ya idadi iliyoandikwa. Mimi kazi hiyo ndiyo naiheshimu kuliko tuzo yenyewe.

Basi hesabu na takwimu usizikwepe. Bila hizo utabaki kusimulia tu. Na kabla hujachagua chuo, niandikie swali unalotaka kulifuatilia. Mada nimeshaisikia, swali bado.

Mjomba wako