Mkimwandika Mae Jemison, andikeni kazi yake

Ndugu Mhariri,

Kila ikikaribia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, magazeti yetu hutoa picha ya Mae Jemison akiwa ndani ya suti ya rangi ya chungwa, na chini yake sentensi moja: mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu. Wengine hukosea zaidi wakamwita mwanamke wa kwanza angani, wakati huyo ni Valentina Tereshkova wa Urusi ya Kisovieti, aliyeruka Juni 1963. Picha naipenda, iendelee kutoka. Ombi langu ni kwamba mkimwandika, mtuambie pia alifanya nini. Nafundisha baiolojia sekondari. Wasichana wangu hawawezi kuiga kuwa wa kwanza, nafasi hiyo imeshachukuliwa. Kazi yake wanaweza kuiiga.

Waambieni, kwa mfano, habari ya Sierra Leone. Kuanzia 1983 hadi 1985, akiwa hajafikisha hata miaka 30, Jemison alikuwa daktari wa Peace Corps, shirika la Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi nyingine, katika nchi hiyo na Liberia. Mmoja wa Wamarekani waliokuwa wakijitolea huko akaugua, akaambiwa ana malaria. Dawa hazikusaidia, hali ikazidi kuwa mbaya. Jemison akaona hii ni homa ya uti wa mgongo na kwamba mgonjwa hawezi kutibiwa pale alipo, akaagiza ndege ya hospitali ya jeshi la Marekani kutoka Ujerumani. Gharama yake ilikuwa dola 80,000. Watu wa ubalozi wakahoji daktari kijana kama yule ametoa wapi mamlaka ya kuita ndege ya kijeshi. Akawajibu kwamba haihitaji ruhusa ya mtu. Walipotua Ujerumani alikuwa amekesha na mgonjwa wake kwa saa 56, na mgonjwa akapona.

Hayo yalitokea kabla hajavaa suti ya mwanaanga, na mimi nayaweka juu kuliko safari yenyewe.

Jambo la pili ni elimu yake. Alizaliwa Decatur, Alabama, mwaka 1956, akakulia Chicago, akaingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 16. Mwaka 1977 alihitimu uhandisi wa kemikali, huku akiwa amesoma pia masomo ya Afrika na ya Wamarekani weusi, na dansi hakuiacha. Baadaye akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza 1981. Akiwa bado mwanafunzi huko alikuja Afrika Mashariki kufanya kazi na madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege, na Kiswahili anakijua. Sasa tazama huku kwetu: binti akishapangiwa tahasusi ya sayansi, ngoma na fasihi zinageuka utoro. Nimewaona wakinyang'anywa daftari la mashairi mbele ya darasa zima. Inaniuma sana, kwa sababu wengine kati ya hao ndio wenye macho makali kuliko wote maabara.

Safari ya anga nayo ielezwe vizuri. Alituma maombi NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1985. Januari 1986 chombo cha anga Challenger kikalipuka na watu 7 ndani, wawili kati yao wanawake, na usaili ukasimamishwa. Ulipofunguliwa tena, akaomba tena. Mwaka 1987 akawa mmoja wa watu 15 waliochaguliwa kati ya waombaji wapatao 2,000. Septemba 12, 1992 aliruka na chombo kiitwacho Endeavour katika safari ya pamoja ya Marekani na Japani, akakaa angani karibu siku 8 kama mwanasayansi wa chombo. Alishiriki utafiti wa seli za mifupa, na lile jaribio ambalo darasani kwangu huamsha hata waliosinzia: vyura majike walichomwa homoni wakataga mayai huko huko, mayai yakarutubishwa pasipo uzito, yakatoka viluwiluwi. Swali lilikuwa kama kiumbe kinaweza kukua sawasawa bila kuvutwa na dunia. Viluwiluwi vilirudi nyumbani vikawa vyura wazima.

Sidharau uzito wa kutangulia, na yeye mwenyewe hakuudharau. Alipanda na picha ya Bessie Coleman, mwanamke mweusi aliyelazimika kwenda Ufaransa kupata leseni ya urubani mwaka 1921 kwa sababu shule za urubani za kwao Marekani zilimkataa. Alibeba pia sanamu kutoka Sierra Leone na bango la kundi la dansi la Alvin Ailey.

Mwaka 1993 aliacha NASA, akaanzisha kampuni, akafundisha chuo cha Dartmouth, na kupitia taasisi yenye jina la mama yake, Dorothy, ambaye alikuwa mwalimu, akaanzisha kambi za sayansi za vijana.

Basi Mhariri, Machi ijayo tupeni nusu ukurasa. Mwekeni Jemison na viluwiluwi vyake, na pembeni mtafuteni daktari, mhandisi au mtaalamu wa maabara wa kike wa mkoa wowote hapa nchini, mumuulize siku yake ya kazi inaendaje tangu asubuhi. Nitaibandika ukutani maabara.

Mwalimu wa Baiolojia,
Morogoro