Presha haingoji kichwa kiume

Mhariri,

Assalam aleikum. Naomba nafasi kidogo niseme juu ya hii tabia yetu ya kumeza dawa ya presha siku kichwa kinauma tu, kikipoa dawa zinarudi kabatini mpaka siku nyingine. Huku Lamu naiona kwa wazee na sasa hata kwa vijana, na inaniuma sana manake wengi hawajawahi kuelezwa presha inaufanya nini moyo wenyewe, tumezoea kusikia kiharusi na figo basi.

Moyo una vyumba vinne na kile cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu mwili mzima, kama lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia tu. Presha ikikaa juu, kila pigo chumba hicho kinashindana na mishipa iliyokaza. Hamali wa pale jeti ya boti akibeba magunia miaka na miaka mikono hujaa misuli tukamsifia, na ukuta wa moyo nao hunenepa vivyo hivyo kwa kazi nzito, lakini huku hakuna la kusifia. Mnofu ule ulioongezeka unataka damu zaidi na vijishipa vya kuulisha haviongezeki kwa kiasi hicho, halafu nyuzi ngumu kama za kovu zinajipenyeza kati ya misuli, chumba kinakakamaa. Na kukakamaa ndio balaa, kwa sababu moyo ukishasukuma lazima ulegee ndio ujae damu tena, na huu haulegei vizuri, basi damu inajazana chumba cha juu na presha yake inarudi hadi mapafuni.

Mamangu mdogo alifika hapo. Anakaa nyumba ya mawe ya zamani, zile ngazi zake zilizosimama wima unazijua, akawa akipanda anakaa katikati avute pumzi, usiku anaweka mito mitatu manake akilala chali hewa inakata, na jioni miguu imevimba mpaka ukibonyeza kidole shimo linabaki. Jirani mmoja akasema ni pumu, mwengine akasema ni umri. Alipopigwa ile picha ya moyo wanaita eko, daktari akatuonyesha kwenye skrini, ukuta umenenepa, na kusukuma moyo unasukuma vizuri tu, shida yake ni kujaa. Hapo kila mtu chumbani alinyamaza, manake kumbe moyo unaweza kuwa unapiga kwa nguvu na huku unashindwa kazi yake.

Ikiachwa inaendelea. Chumba cha juu kinatanuka, mapigo yanaenda ovyo, damu inatuama inaganda, na kidonge hicho cha damu kikipanda kwenye ubongo ndio kiharusi hicho. Kwa wengine ukuta ule mnene unachoka mwishowe, moyo unatanuka unakuwa mkubwa na dhaifu, hapo sasa hata kusukuma hauwezi.

Yote haya yanaweza kwenda miaka bila kichwa kuuma hata siku moja! Ndio maana nasema kipimo ndicho cha kuaminika. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, hiyo ni presha hata kama unajisikia mzima. Dawa ikimezwa kila siku na presha ikatulia, ukuta ule hupungua unene kwa miezi, madaktari wanauona kwa eko. Kwa hivyo ukipimwa ukaambiwa iko sawa, ni dawa ndiyo inayoishika, usiache na usimgawie jirani. Na Ramadhani msikatize, muoneni daktari Shaabani mapema awapangie dawa kwa futari na daku, nyingi zinapangika.

Chumvi nayo. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyo ndani ya papa mkavu, ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) na achari. Sisemi tuache papa, mimi mwenyewe nampenda, ila arowekwe, maji yamwagwe, na mchuzi usitiwe chumvi tena.

Ombi langu kwa wahusika wa afya hapa kaunti ni hili. Wekeni meza moja na mashine ya presha uwanja wa Mkunguni asubuhi, wazee wako pale kila siku, wapimwe wakiwa wameketi dakika tano na kabla ya kahawa. Na dispensari za visiwani ziwe na dawa hizi mwezi mzima. Mtu wa Faza au Kizingitini akiambiwa dawa zimekwisha, atapanda boti kuja Lamu kwa nauli gani, na akikosa nauli atakaa bila dawa mpaka lini?

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu