Barua ya malalamiko: Tulilipia mwongozaji na macheo ya Sarangkot, tukaletewa gari lililochelewa

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA MACHEO POKHARA, NEPAL, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyesafiri Nepal mwezi Novemba pamoja na mume wangu na mama yangu mzazi, kwa safari tuliyoinunua ofisini kwenu. Nimeamua kuandika baada ya kupiga simu na kutuma ujumbe bila kupata jibu linalogusa jambo lenyewe. Nilichoambiwa ni kwamba hali ya hewa ni kazi ya Mungu, na kwamba safari ijayo mtanipunguzia asilimia 10. Hali ya hewa sikuilalamikia hata siku moja. Asubuhi ile anga la Pokhara lilikuwa safi, milima yote iko wazi. Ninacholalamikia ni saa tuliyotolewa hotelini na mwongozaji ambaye hakuwepo, na yote mawili yalikuwa mikononi mwenu.

Mengine mliyafanya vizuri na sitayaficha. Ndege za kupitia Doha hazikuwa na tatizo, hoteli ya Kathmandu ilikuwa safi, na aliyetushauri tukae upande wa kulia kwenye ndege ya kwenda Pokhara alitufaa sana. Safari ile haifiki nusu saa, na muda karibu wote theluji ilikuwa dirishani mpaka tukatua kwenye uwanja mpya uliofunguliwa Januari 2023. Mama hakufumba macho. Kwa hiyo tulilala tukiamini kwamba kesho yake, ambayo ndiyo iliyotutoa Dar es Salaam, ingekuwa nzuri zaidi.

Vocha yenu ninayo. Imeandikwa kwa Kiswahili, ina muhuri wenu, na inasema hivi: gari binafsi litatuchukua hotelini Lakeside, mtaa wa Pokhara ulio kando ya ziwa, saa 10:30 alfajiri, tutakuwa na mwongoza watalii mwenye leseni anayezungumza Kiingereza, tutashuhudia jua likichomoza kilimani Sarangkot, tutatembelea hekalu la Bindhyabasini, tutapanda boti Ziwa Phewa hadi kisiwani kwenye hekalu la Tal Barahi, tutarudi hotelini kwa kifungua kinywa. Bei dola 65 kwa kila mtu, watu watatu, jumla dola 195. Risiti ninayo pia.

Saa 10:30 tulikuwa mapokezi tumevaa makoti. Gari halikuja. Saa 11:00, kimya. Namba ya dharura mliyotupa iliita mpaka ikakatika. Mama alikuwa ameuliza ofisini kwenu kabla ya safari kama kule kilimani atapata mahali pa kuswalia alfajiri, na mlimjibu kwamba mwongozaji atamwonyesha. Ikabidi aswali pale pale mapokezi, kati ya meza ya wageni na rundo la mabegi ya watu wanaoondoka, huku kijana wa zamu akihangaika kumtafutia taulo safi la kutandika. Yule kijana alifanya alichoweza, Mungu ambariki. Lakini haikuwa kazi yake.

Gari lilifika saa 11:50. Halikuwa binafsi. Lilizunguka hoteli nyingine mbili kuchukua watu, na tulipoanza kupanda kilima mbingu ilikuwa imeshapauka. Nilimuuliza dereva mwongozaji yuko wapi. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, akanionyesha simu. Ujumbe aliotumiwa na wakala wenu wa Pokhara ulikuwa na majina ya hoteli tatu, saa 5:45 kwa hesabu ya kizungu, na mahali pa jina la mwongozaji hapakuandikwa kitu. Niliupiga picha kwa ruhusa yake na naiambatanisha hapa. Ujumbe huo ulitumwa jana yake mchana. Maana yake ni kwamba tulipokuwa tunakula chakula cha jioni tukiizungumzia kesho, tayari kuna watu walikuwa wanajua kwamba saa si ile na mwongozaji hayupo. Hakuna aliyetuambia.

Naomba mnielewe vizuri kuhusu hiyo saa, maana nadhani anayepanga ratiba hizi ofisini kwenu hajawahi kusimama pale. Katikati ya Novemba jua la Pokhara huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Lakini watu hawapandi Sarangkot kuliangalia jua lenyewe. Wanapanda kuangalia milima iliyo upande wa kaskazini, ambayo vilele vyake viko juu kiasi kwamba mwanga huvifikia mapema, mtu wa bondeni bado yuko gizani. Theluji ya juu kabisa hugeuka ya waridi, kisha ya rangi ya chungwa, kisha ya dhahabu, na rangi hiyo hushuka mlimani taratibu. Ni jambo la dakika chache. Jua likishatokeza kwenye ukingo, theluji inabaki nyeupe tu kama itakavyokuwa siku nzima. Atakayefika wakati jua linachomoza ameshachelewa, na sisi hatukufika hata wakati huo. Kutoka Lakeside ni kama nusu saa kwa gari, halafu kuna ngazi za kupanda kwa miguu. Kwa mtu wa miaka 71 mwenye goti bovu, ngazi zile si jambo dogo. Tulifika juu saa 1:00 asubuhi. Wenzetu walikuwa wanateremka, vikombe vya chai mkononi, wanaonyeshana picha. Ile rangi tuliiona kwenye simu ya mtu baki.

Kuchelewa tungeweza kukusamehe kwa shingo upande, kama angekuwepo mtu wa kutufahamisha tunachokitazama. Mkutano wa milima ile ni mkubwa. Ukisimama Sarangkot, kwenye mwinuko wa kama mita 1,600, una Dhaulagiri ya mita 8,167 upande wa magharibi, una safu nzima ya Annapurna mbele yako, na Manaslu ya mita 8,163 mbali mashariki. Katika milima 14 ya dunia inayozidi mita 8,000, mitatu iko hapo. Nimeyajua hayo baada ya kurudi nyumbani na kusoma mwenyewe. Siku ile nilikuwa naona meno meupe yamejipanga, sijui lipi ni lipi. Abiria mmoja wa gari letu alikuwa anajirekodi video, akawaambia wa kwao kwamba ule mlima mkali uliochongoka mbele yetu ndio Everest. Mama ndiye aliyemsahihisha, kwa upole, kwamba Everest iko mbali sana mashariki ya nchi na haionekani kutoka pale.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Miaka yote ya kazi yake aliichora Himalaya ubaoni kwa chaki: bamba la India, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linaligonga bamba la Ulaya na Asia, ardhi inakunjamana na kunyanyuka, na mpaka leo bado inanyanyuka. Alistaafu hajauona hata mlima mmoja wa safu hiyo. Sisi watoto wake tulichanga fedha za safari hii, na ziara hii hasa ndiyo tuliyomnunulia. Alikuwa na maswali yake kwenye daftari dogo. Kwa nini mlima ulio mfupi kuliko jirani zake unaonekana mrefu kuliko wote? Wakulima wa matuta yale ya chini wanapata maji wapi wakati wa kiangazi? Tetemeko la 2015 liliwafikaje watu wa huku? Alilishika lile daftari asubuhi nzima na hakupata wa kumuuliza.

Pembeni yetu kulikuwa na kundi la wageni wengine. Mwongozaji wao alikuwa dada wa makamo, kitambulisho chake kinaning'inia shingoni. Tulisogea tukasikiliza bila kualikwa, kwa kuiba. Alikuwa anaelekeza kwa fimbo ya kutembelea, mlima baada ya mlima, jina na urefu. Akawaeleza kwamba ule uliochongoka ni Machapuchare, mita 6,993, na unaonekana kuwapita wenzake kwa sababu uko karibu zaidi. Kwamba ni mtakatifu kwa wenyeji, hauruhusiwi kupandwa, na Waingereza waliojaribu mwaka 1957 walisimama kama mita 50 kabla ya kilele wakageuka. Kwamba Annapurna ulikuwa mlima wa kwanza wa zaidi ya mita 8,000 kufikiwa kileleni, tarehe 3 Juni 1950, na Wafaransa wawili, Maurice Herzog na Louis Lachenal, miaka mitatu kabla ya Everest. Mama alikuwa anaandika haraka haraka kwenye daftari lake. Halafu kundi lile likaondoka, wakawa na haki ya kuondoka na mtu wao waliyemlipia. Mama akabaki na kalamu mkononi. Ndugu Meneja, sina namna ya kukueleza nilivyojisikia pale.

Hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji. Nepal watu wanaisomea na serikali inawapa leseni, kama ilivyo kwetu kwa wanaopandisha wageni Kilimanjaro. Hamuwezi kuiondoa kimya kimya kwenye ziara mkaona kilichobaki ni kitu kile kile.

Bindhyabasini tulisimamishwa dakika kumi. Dereva alibaki na gari. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo ndiyo mapumziko ya wiki ya Nepal, na hekalu lilikuwa limejaa familia na sahani za maua. Viatu vinavuliwa wapi? Asiye Mhindu mwisho wake wapi? Picha zinaruhusiwa? Mama, na ushungi wake kichwani, alikataa kupita lango. Alisema hawezi kuingia nyumba ya ibada ya watu bila kujua adabu zake akaja kuwakwaza. Nilimuunga mkono. Mtu mmoja tu wa kutuambia neno moja angetosha.

Boti hatukupanda. Badala yake gari lilipaki kwenye duka la mitandio ya pashmina, ambalo halimo kwenye vocha, tukakaa humo karibu saa nzima tunakunjuliwa mitandio. Tulipouliza habari ya ziwa, dereva alionyesha saa yake na kutikisa kichwa: muda umekwisha, ana wageni wengine. Phewa ni ziwa la pili kwa ukubwa Nepal. Tulikuwa tumelala mita chache kutoka ufukweni mwake, na zile boti za mbao za rangi rangi tuliziona zinawavusha waumini kwenda Tal Barahi sisi tukiwa kwenye gari. Mchana mume wangu alikodi boti kwa fedha zetu wenyewe, pamoja na makoti ya kujiokolea. Risiti yake imeambatanishwa.

Kuhusu dereva, nasema wazi kwamba sina lawama naye. Alimshika mama mkono ngazi zote, kupanda na kushuka, na begi lake akalibeba yeye. Alifuata ujumbe aliotumiwa. Nitasikitika mno nikisikia ameadhibiwa kwa sababu ya barua hii.

Najua mnaweza kuniambia kwamba mwenye kosa ni wakala wa Pokhara. Mimi wakala huyo simjui, sikumchagua, na fedha sikumpa. Nimewalipa ninyi, vocha ni yenu, muhuri ni wenu. Mkitaka kudaiana naye mdaiane, lakini msinirushe mimi kwake. Na lile punguzo la asilimia 10 silipokei, kwa sababu ili nilifaidi itanilazimu niwalipe tena kwanza.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, mnirudishie dola 195 zote za ziara ile, pamoja na gharama ya boti. Sikubali kukatiwa nauli ya gari, kwa kuwa gari tulilolipia lilikuwa binafsi na halikuja. Fedha za safari nzima sizidai, zile huduma nyingine mlizitoa. Pili, mnieleze kwa maandishi nani alibadilisha saa kutoka 10:30 na kwa nini hatukuambiwa, wakati namba zetu za simu mnazo. Tatu, na hili nawaomba kwa niaba ya wateja watakaofuata: katika msimu huu ambao watu wengi wanakwenda Nepal, msimuuzie tena mtu macheo ya Sarangkot kwa gari linalozunguka hoteli mpaka kunakucha, na jina la mwongozaji mteja alipate usiku uliotangulia. Akikosekana, mseme mapema, mtu aamue mwenyewe kwenda au kuahirisha. Sisi tulikuwa na asubuhi nyingine mbili Pokhara. Tungeambiwa, tungehamisha siku, na barua hii isingeandikwa.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila majibu ya maandishi, nitawasilisha vielelezo vyote Tume ya Ushindani kama mlaji aliyeuziwa huduma asiyopewa. Viambatanisho ni vocha, risiti mbili, picha ya ujumbe wa dereva, na picha tulizopiga Sarangkot zenye saa na tarehe.

Majibu yapelekwe kwenye anwani ya barua pepe niliyotumia kulipia safari.

Wenu,
Mteja wa safari ya Nepal, Novemba