Wanangu mnaonijia na picha za simu

Assalaam alaykum wanangu, wasichana wa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale na Majengo mpaka ng'ambo Likoni, hasa nyinyi mnaotarajia kuolewa miezi hii. Mie ni somo yenu, mpakaji wa hina na mpambaji wa mabibi harusi, kazi hii naifanya zaidi ya miaka 30 na vidole vyangu havijawahi kurudi rangi yake. Nimeamua kuandika maana kusema na mmoja mmoja nimechoka, na mwenyewe nnayemwambia nusu yuko kwangu nusu yuko TikTok.

Juzi kanijia binti mmoja, jina simtaji, kaketi mkekani akanipa simu, "Somo, nataka siku ya harusi niwe hivi." Nikavaa miwani. Kutazama vizuri, lo, kumbe ni yeye mwenyewe! Filta imembana pua, macho yamekuzwa, ngozi kama sahani ya kauri mpya, na lile kovu la tetekuwanga juu ya nyusi halipo. Nimezoea kuletewa picha za waigizaji wa Kihindi na warembo wa Dubai, hilo nalijua kulijibu, lakini mtu kuniomba nimfananishe na yeye mwenyewe hilo ni jipya, nikabaki nimeshika simu ya watu kama mjinga.

Wanangu, ile simu haikupigi picha tu, inakuchora upya, na wale mnaowaonea gere nao wanachorwa. Lupita Nyong'o mnamjua, mwenzetu wa Kenya, Oscar alichukua 2014. Basi 2017 jarida la Grazia la Uingereza likamtoa ukurasani nywele zake zimefutwa kwa kompyuta, zile zilizobaki wamezilainisha, mpaka akalalamika hadharani na mpigapicha akaomba radhi. Ikiwa yeye na Oscar yake ameambiwa nywele zake hazifai, wewe wa Kisauni unashindana na nani hasa?

Halafu niwaambie kitu ambacho nyinyi wadogo hamkijui. Mie niliolewa 1979, nimekonda kama ng'onda, na kukonda kwangu ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Nikawekwa ndani, asubuhi uji na samli, mchana kuku wa nazi, usiku maziwa, bibi yangu akipita ananishika mkono anapima kwa vidole kisha anaguna. Nikalia sana siku zile, nikaona mwili wangu una makosa. Leo mwili ule ule wangu wa 1979 ndio mnaoutafuta kwa njaa, naona mabibi harusi wanashinda na maji ya ndimu wiki mbili ili gauni lifunge zipu, mmoja kaanguka mikononi mwangu namtia hina ya miguu. Na kabla hamjamaliza kukonda, sasa ati nyonga ziwe kubwa na kiuno kiwe cha nyigu. Kipimo kimegeuka mara mbili nikiwa hai, na meno yangu bado yako yote.

Mjukuu wangu anasomea unesi, alinisomea habari za Fiji, visiwa huko baharini mbali, watu wake walikuwa wakipenda mwili wa kujaa kama bibi yangu alivyopenda. TV iliingia sehemu moja huko 1995. Ilipofika 1998, wasichana karibu 11 katika kila 100 waliohojiwa wakasema wanajitapisha ili wapungue, na hapo kabla hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Miaka mitatu tu. Na hiyo ilikuwa TV ya sebuleni, haiingii nawe kitandani.

Sasa nije kwenye krimu za kujichubua, hapa ndipo roho inaponiuma. Krimu na sabuni zenye zebaki na haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) Kenya zilipigwa marufuku zamani, lakini mnajua zinapopatikana na mie pia najua. Zebaki inapenya ngozi, inaharibu figo, na mtoto anayelala shavuni kwako naye anapata sehemu yake. Soma maelezo ya kopo: ukiona umeonywa krimu isiguse dhahabu wala fedha, ishuku kuwa ina zebaki. Yaani inaogopewa isiharibu mkufu, halafu unaipaka usoni! Haidrokwinoni ukizidi nayo inakugeuka, unapata mabaka meusi ya kisamawati kwenye mashavu pale pale ulipotaka peupe. Na zile zenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, zinafanya ngozi nyembamba kama manda za sambusa, ukisogea jikoni uso unawaka.

Na vidonge vya kunona mnavyouziana kwa kuhesabu, bila boksi bila jina, vingine ni dawa ya aleji tu, inakupa usingizi na njaa, vingine ni steroidi, uso unavimba kama hamri, na ukishavizoea kuviacha ghafla ni hatari kubwa.

Nitasema na langu, sitaki kujifanya. Miaka ya nyuma nimewapaka watu poda nyeupe mpaka wakawa kama walioangukia gunia la unga, uso wa mtu huyu shingo ya mtu mwengine, na mama zao wakinisifu "leo umemtoa". Kuna mmoja nilimwambia kwa mdomo wangu "tukusafishe rangi kidogo kabla ya siku," nikamuelekeza duka. Uso wake naujua sasa ulivyo. Tukikutana sokoni Marikiti ananiamkia vizuri tu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Singo haikuwa ya kumfanya mtu mweupe, msidanganywe na wanaoiuza kwenye Instagram hivyo. Ni liwa na mawaridi na marashi, unasuguliwa taka zinatoka, unanukia, wanawake wa kwenu wamekuzunguka wanakucheka na kukufunda. Mtu alikuwa akitoka pale anang'aa na rangi yake ile ile. (Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, kwa watoto nimeacha kabisa, msiniombe, nimeona mikono ilivyofura malengelenge.)

Yule binti wa kovu harusi yake ni wiki ijayo. Nimemwambia nitampamba na kovu nitaliacha, akanuna, akaenda, jioni akatuma ujumbe, "Somo sawa, lakini nyusi unichonge vizuri." Nyusi nitachonga.

Na wewe unayevaa niqabu siku hizi si kwa dini bali kuficha mabaka, njoo Alhamisi baada ya alasiri, chai ya tangawizi ipo. Usizitupe krimu, zilete na makopo yake twende nazo kwa daktari wa ngozi. Utaingia peke yako, mie nitaketi pale nje nikungoje.

Somo yenu, Mji wa Kale