Sasa ingia kundini kwa namba yako

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Nyamanoro. Huku tu wazima. Mvua zimeanza, kikohozi cha baba yako kimemwachia, na mdogo wako alihamia kitandani kwako hata kabla basi lenu la kwenda Dodoma halijafika Shinyanga. Nakuandikia maneno marefu kwa sababu kwenye simu unaniambia "sawa mama" kabla sijamaliza ninachosema.

Juzi ulisema huoni haja ya kuingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi wa watoto wenye seli mundu, huu ugonjwa wako wa damu wa kurithi. Ukasema ni la akina mama, meseji hazikatiki, asubuhi ni maua na mistari ya Biblia, na wewe sasa ni mtu mzima unazijua dawa zako. Ya maua ni kweli, hata mimi nimelizima mlio. Ila namba yako nimeshampa admini, na kabla hujaniambia nimekuingilia, soma kwanza ujue unaingia kwa watu gani.

Vidole vyako vilianza kuvimba hujafikisha mwaka. Mikono yote miwili na nyayo, ngozi imevutika inang'aa, ukiguswa unalia mpaka sauti inakauka. Bibi yako mzaa baba akasema huo ni mkono wa mtu. Jirani akasema meno ya plastiki, akatuelekeza kwa mzee wa kuyang'oa. Tukaenda hospitali ya Bugando, ukapimwa, tukaambiwa jina la ugonjwa, tukapewa foliki asidi ya kila siku na penisilini ya kutumia mpaka utimize miaka mitano. Daktari alitueleza vizuri, Mungu ambariki, lakini nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Ya usiku, ya nyumbani, ya mtoto anayeungua homa saa nane na hakuna usafiri, hayo niliyajua kwa wazazi wenzangu.

Kundi lenyewe lilizaliwa kwenye benchi la kliniki. Kabla hata hatujawa na simu za tachi tulikuwa tunafahamiana kwa nyuso za watoto. Kuna mama mmoja wa Sengerema, siku moja tukisubiri faili, alinishika mkono akauweka chini ya mbavu zako za kushoto. Akaniambia nianzie chini, usawa wa kitovu, nibonyeze polepole nikipanda, nikuache uvute pumzi. "Ukigota kwenye ukingo mgumu, hiyo ndiyo bandama. Leo iko vidole viwili. Siku ukikuta imeshuka ghafla mpaka vinne, na midomo imekuwa myeupe, usingoje kuche." Akanirudisha chini nianze upya, mpaka akaona vidole vyangu vimejua. Wewe ulikuwa unacheka, unadhani tunakutekenya.

Usiku nilioikuta vidole vinne ulikuwa bado unatamka maneno nusunusu. Sikungoja kuche. Ndiyo maana huyo mama akipiga simu saa tatu usiku kunisimulia habari za mbuzi wake, mimi namsikiliza mpaka bando lake liishe.

Mwaka 2013 mmoja wetu akatuunganisha sote kwenye simu. Mimi nilikuwa na kitochi, ikabidi ninunue simu iliyotumika pale Makoroboi kwa sababu ya kundi tu (baba yako asijue bei). Majina halisi hatukuyatumia sana. Mtu ni mahali pake: Mama Sengerema, Baba Magu, Mama Ukara, Mzee wa Bariadi. Mimi ni Mama Nyamanoro mpaka leo, na wapo niliozungumza nao miaka yote hii wasiojua jina langu la ubatizo.

Unakumbuka ulivyolazwa ukiwa darasa la nne? Wewe unakumbuka ile katuni ya ukutani wodini. Mimi nakumbuka malaria ilikuvunjavunja damu ikashuka mpaka 4, na ndugu wakatakiwa waje kuchangia. Baba yako alikuwa safarini, wajomba simu hazipokelewi. Nikaandika kundini usiku ule, mstari mmoja tu, kwamba mtoto yupo wodini na tunahitaji watu wa kutoa damu. Kulipokucha, nimekaa kwenye ngazi za nje, akaja mzee mfupi mwenye koti la mvua, amefuatana na vijana wawili wa bodaboda. Akanisimamia akasema, "Wewe ndiye Mama Nyamanoro. Sauti yako naijua, ongea kidogo nihakikishe." Alikuwa Baba Magu. Walikuwa wamepanda Hiace ya kwanza.

Yeye mwenyewe hakutoa damu. Sisi wazazi tumebeba kirithi (jeni) cha ugonjwa bila kuugua, na kundini tulikuwa tumeshafundishwa kwamba damu ya aliyebeba si ya kumpa mgonjwa kama wewe. Ndiyo maana akawaamsha wale vijana wa kijiweni kwake alfajiri. Mmoja alikuwa anaogopa sindano, jasho linamtoka, mzee amemshika bega anamsimulia mambo ya Simba na Yanga. Walipomaliza akawanunulia soda, akahesabu nauli yao kutoka mfukoni mwake, akakataa yangu.

Mwanangu, huyo mzee mwanawe alikuwa ameshafariki. Tulichangia mazishi, tukatuma salamu, na wengi tulidhani atajitoa kundini, maana nani anataka kila siku kusoma habari za homa za watoto wa wenzake? Pale kwenye ngazi nikamuuliza. Akanijibu, "Haya yote niliyojifunza nitayapeleka wapi?" Kisha akaulizia choo kiko wapi. Ndivyo alivyo, hakai kwenye neno zito.

Usinielewe vibaya, si malaika wale. Kuna mtunza fedha aliyepotea na michango ya mwisho wa mwaka, namba haipatikani mpaka kesho. Kila uchaguzi ukikaribia watu wananuniana. Kuna kaka mmoja aliingia kundini na dawa ya mizizi "inayofuta seli mundu kabisa", chupa 60,000, na kabla admini hajamtoa kina mama wawili walikuwa wameshawaachisha watoto dawa za hospitali. Mmoja wa watoto wale alilazwa. Tangu hapo kuna sheria, na mimi ndiye niliyeipigania: hakuna kuuza dawa humu, na hakuna kutuma picha ya mtoto akiwa kwenye maumivu. Mtoto atakua, ataikuta.

Lakini haidroksiurea, hii dawa ya kupunguza maumivu na kulazwa, niliisikia humo humo kwanza. Mzee wa Bariadi aliandika kwamba binti yake ameanzishwa. Mtu akajibu kwamba hiyo ni dawa ya saratani, nami nikaogopa. Mzee hakubishana. Kila mwezi akawa anaandika tu: mwezi huu hajalazwa, amepimwa damu, wingi wa chembechembe uko sawa, mwezi huu tena hajalazwa. Nilipomuuliza daktari wako nilikuwa tayari najua cha kuuliza. Na dawa ilipokuwa adimu, watu walikuwa wanaandika ni famasi ipi inayo na bei imefika ngapi, ili mwenzao asizunguke mji mzima juani.

Kuna jambo jingine walilonipa, na hili lilimponya bibi yako. Kijana mmoja wa maabara aliyekuwa kundini alitueleza habari za Anthony Allison, mwanasayansi aliyezaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu, akakuta waliobeba kirithi hiki ni wengi pwani na huku kwenye ziwa letu, na kule kwenye milima ya baridi hakuna karibu kabisa. Mwaka 1954 akaonyesha sababu yake: mtoto aliyebeba kirithi kimoja malaria haimuui kirahisi. Palipo na mbu wengi, hao ndio waliobaki wakazaa. Nilimsomea bibi yako ujumbe ule wote. Akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo babu zenu walipona malaria kwa hii hii?" Habari za mkono wa mtu sikuzisikia tena kwake.

(Na akitokea kijana, najua umeshakunja uso, apime kwanza. Asiyebeba, watoto wenu wote watabeba lakini hawataugua. Aliyebeba kama mimi na baba yako, kila mimba ni nusu kwa nusu, augue au abebe tu. Nimemaliza.)

Yapo mambo ambayo hayakuhusu ugonjwa hata kidogo. Alhamisi ile ya 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa, kundi zima liliandika kitu kimoja: "Mama Ukara, upo?" Jibu lilikuja kesho yake kutoka kwenye simu ya mtu. Hakupanda. Shemeji yake alikuwamo. Na mwaka 2021 tozo za miamala zilipoanza, nilijua michango imekufa. Watu wakawa wanatuma vilevile, elfu mbili, elfu tatu, na ya kutolea juu yake. Ukitaka kumjua mtu, angalia kama anakumbuka ya kutolea.

Juni 2025 lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, Mama Sengerema alituma sauti ya dakika nne, kicheko na machozi humo humo. Yule mama amekesha kwenye kivuko mara nyingi, mtoto mapajani anaguna, taa za Kigongo anaziona ng'ambo, na sisi kwenye simu tunamuuliza kila baada ya muda: wamepakia? Mmevuka? Nani yuko karibu awapokee? Na daraja lilizinduliwa tarehe 19, ambayo ni siku ya seli mundu duniani. Waliopanga nadhani hawakulijua hilo, ila yeye anasema daraja ni la kwetu.

Halafu Oktoba, siku za uchaguzi, intaneti ikazimwa. Hapo ndipo nilipoona faida ya ushamba wangu. Namba zote nilikuwa nimeziandika kwenye kaunta buku tangu zamani, na mahali mtu anapokaa, na kundi la damu la kila anayeweza kuchangia. Tukarudi kwenye SMS na kupigiana. Mtu wa Igoma alikuwa ameishiwa dawa na hawezi kutoka, akapata kwa jirani yake wa mtaa wa pili ambaye miaka yote wapo kundi moja na hawajawahi kuonana. Kurasa hizo nimezinakili, ziko kwenye mfuko wa nyuma wa begi lako, chini ya michembe. Usizitoe.

Dodoma upepo wake ni mkavu na Juni baridi inauma. Sweta ni la kuvaa, si la kufungia kiunoni. Najua kwenye basi hukunywa maji ili usiombe kuchimba dawa. Ukirudi likizo mwambie kondakta mapema, akinuna anune. Chuo chenu kiko jirani na Hospitali ya Benjamin Mkapa, na hao ndio walioanza mwaka 2023 kupandikiza uloto wa mifupa kwa watoto wenye ugonjwa wako. Nenda ukafungue faili ukiwa mzima, usingoje upelekwe umebebwa. Mnayelala naye chumba kimoja mweleze ukweli, umwonyeshe dawa zilipo. Kundini kuna mama aliyehamia huko, anakaa Nkuhungu. Ameshaniambia Jumapili atakuja na ugali wa muhogo na sato, kwa hiyo usijifanye una kipindi.

Sasa, hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Wiki hii ameingia mama mpya wa Geita. Ni binti mdogo, umri wake haukupiti sana. Mwanawe ana miezi minane, vidole vimevimba, ndiyo kwanza wametoka kupimwa. Kauliza maswali kama tuliyouliza sote. La bandama nimemjibu, na nimemwambia siku ya kliniki nitamfuata nimwekee mkono. Dawa ameelekezwa na Mzee wa Bariadi. Chandarua, maji, homa, kila mtu kasema lake. Lakini usiku aliandika tena, peke yake, watu wamelala: "Samahani jamani, hawa watoto wanafika kusoma mpaka chuo? Na yale maumivu, wao wenyewe huwa wanasikiaje?"

Sikumjibu. Nimewaomba na wenzangu wasimjibu, tumemwambia yupo mtu anakuja. Admini atakuunganisha leo jioni.

Mama yako