Mhariri, andikeni pia leseni ilikuwa na miezi mingapi

Mhariri, hongera kwa kazi. Nina ombi moja tu kuhusu habari zenu za ajali za vijana. Kila siku ni mwendo kasi, uzembe, vijana wa siku hizi hawasikii, habari imeisha. Hamtuambii dereva alikuwa na leseni kwa muda gani, ilikuwa saa ngapi, na ndani ya gari alikuwa na nani, wakati watafiti wanaanzia hapohapo.

Tafiti za nchi nyingi zinatoa jibu lilelile, mwanafunzi wa udereva akiwa na mtu mzima pembeni hapati ajali sana, akishapewa leseni akaanza kuendesha mwenyewe hapo ndo zinapanda ghafla, miezi ya kwanza ndo mibaya kabisa, halafu zinashuka kadiri anavyozoea. Sasa kama tatizo ni ukorofi tu, mbona unapungua ndani ya miezi michache na kijana ni yuleyule?

Mi nadhani ni macho. Nilikaa pembeni ya mwanangu wiki ya kwanza ya leseni yake, gari la tatu mbele likawasha taa za breki, mguu wangu ushakandamiza sakafu utadhani breki ninayo mimi, yeye bado kakodolea bampa ya gari lililo mbele yake tu, akaja kushtuka limeshasimama puani kwetu. Na testi alipasi vizuri! Kupaki, kurudi nyuma, alama zote anazijua. Uingereza toka 2002 wanampima mtu na video, anabonyeza akiona hatari inakuja, huku wengine tunapimwa kuzunguka koni.

Simu nayo. Kule Virginia, Marekani, waliweka kamera kwenye magari ya madereva wapya 42 kwa miezi 18, matokeo yakatoka 2014. Akipiga namba huku anaendesha, uwezekano wa ajali au kukosakosa ulipanda zaidi ya mara 8, wazoefu ilikuwa kama mara 2 na nusu. Simu ileile jamani. Hata kula tu kwa hawa wapya ilikuwa karibu mara 3 (na mimi ndo nilikuwa nampa biskuti, Mungu anisamehe).

New Zealand walianza leseni ya hatua kwa hatua mwaka 1987, mwenye leseni mpya usiku haendeshi peke yake na marafiki habebi mpaka akomae, nchi kadhaa zikafuata. Wakwangu nimemwekea sheria hizohizo nyumbani, ananuna kweli, kanambia namuaibisha mbele ya wenzake, nikamwambia sawa.

Kwa hiyo mhariri, mwandishi wenu akienda eneo la ajali aulize hayo matatu, ni mstari mmoja tu kwenye gazeti.

Mzazi, kiti cha pembeni